Miaka Thelathini na Moja kwa Miguu, Wiki Sita kwa Pikipiki

Mama Barua, tarishi wa shule yetu, anastaafu tarehe thelathini Juni baada ya kutumikia miaka thelathini na moja na miezi minne. Katika muda huo amebeba kila barua iliyotoka ofisini kwetu kwenda posta, ofisi ya elimu na zahanati, na kila barua iliyokuja kutoka huko. Hajapoteza hata moja. Jina lake halisi limo kwenye faili, lakini hata mwalimu mkuu hulitafuta kwanza kabla ya kuliandika.

Alianza kazi wakati ofisi ilikuwa na taipureta moja, kabati moja na dirisha lisilofungika. Posta iko umbali wa kilomita nne. Alikwenda kwa miguu, mkoba begani, dakika hamsini kwenda na dakika hamsini kurudi. Mvua ikinyesha, koti aliuvalisha mkoba. Walimu wa zamani wanasimulia kwamba alikuwa akirudi amelowa chapachapa, meno yanagongana, na bahasha zote kavu kama biskuti.

Kinachomtambulisha zaidi ni daftari lake la barua. Kila anayepokea barua lazima asaini, na hakuna wa kusamehewa. Mwaka mmoja matokeo ya mtihani yalifika wakati mwalimu mkuu wa zamani yuko kwa kinyozi. Mama Barua alimfuata hukohuko, akamkuta na povu kidevuni. Mwalimu mkuu akanyoosha mkono apokee bahasha, Mama Barua akanyoosha daftari.

"Mama, kwani hunijui mimi ni nani?"

"Nakujua, mwalimu. Daftari ndilo halikujui."

Akasaini. Doa la povu lipo mpaka leo kwenye ukurasa huo, na Mama Barua huwaonyesha wageni wenye haraka.

Sisi wanafunzi tulimfahamu siku ya kwanza tu ya kidato cha kwanza, tulipokwenda kuchukua vitambulisho. Alikuwa akiishikilia kalamu hadi mtu amalize kusoma karatasi yote. "Soma kwanza, mwanangu, saini baadaye," alisema. Waliojifanya wamesoma aliwauliza mstari wa nne unasemaje. Wengi walirudishwa nyuma ya foleni.

Ndiyo maana jambo lililotokea mwezi wa Februari mwaka huu lilimuuma sana. Mwenyewe ameturuhusu tuliandike, na ameagiza tusipunguze kitu.

Ofisi ya elimu iligawa pikipiki arobaini kwa matarishi wa shule. Ya kwetu, nyekundu, ilifika juu ya lori mchana mmoja ambapo wingu lilikuwa limeshatanda. Dereva alikuwa na shule nyingine nne za kwenda. "Mama, saini hapa, hapa na hapa, mvua hiyo!" Mama Barua alisaini hapa, hapa na hapa. Lori lilipoondoka aliketi na kikombe chake cha chai, akaanza kusoma nakala aliyoachiwa. Saini ya kwanza ilisema pikipiki imepokelewa. Ya pili ilisema ni nzima. Ya tatu ilisema: "Mimi mwendeshaji ninathibitisha kwamba ninajua kuendesha pikipiki." Chini yake, kwa maandishi madogo, ilielezwa kwamba mkaguzi atapita kabla ya mwisho wa Juni, na pikipiki isiyo na mwendeshaji anayeijua kazi itapelekwa shule nyingine.

Chai ilipoa. Mama Barua hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Miaka thelathini na moja alikuwa hajaweka saini ya uongo mahali popote, na sasa aliiweka moja, miezi michache kabla ya kustaafu, kwa kosa alilokuwa akiwarudisha watoto nyuma ya foleni kwa ajili yake. Alijiambia kesho atamweleza mwalimu mkuu. Kesho ikawa kesho kutwa, kesho kutwa ikawa wiki. Mwisho alikata shauri kwamba kama saini imetangulia, yeye ataifuata mpaka aifikie. Atajifunza.

Kwa kuwa fomu iliagiza pikipiki itumike katika safari zote, aliitoa kila siku ya posta. Alivaa kofia ngumu, akafunga mkanda kidevuni, akaisukuma hadi nje ya lango. Mlinzi alimuuliza mbona haiwashi. Akajibu kwamba mlio utasumbua madarasa, jibu ambalo walimu walilisifu sana. Shuleni hakuna aliyejua kwamba akishapita kona aliendelea kuisukuma, kilomita nne kwenda na kilomita nne kurudi. Mwalimu mkuu alipomuuliza pikipiki inakwendaje, alijibu, "Inakwenda, mwalimu." Na kweli ilikuwa inakwenda. Tatizo ni kwamba safari ya dakika hamsini sasa ilichukua saa moja na nusu. Tangu shule ipate usafiri, barua zilianza kuchelewa.

Watu wa barabarani walimhurumia. Dereva wa lori la mchanga alisimama akasisitiza kumpa nusu lita ya petroli. "Mama, hakuna cha asante, mimi pia nina mama." Tangi lilikuwa limejaa tangu siku ya kwanza, kwa hiyo petroli ile aliibeba kwenye chupa. Kila mwisho wa mwezi alijaza ripoti ya ofisi ya elimu kwa ukweli mtupu. Petroli iliyotumika: hakuna. Mwezi wa Machi aliongeza: imezidi nusu lita.

Huku akisukuma, alikuwa akitafuta mahali pa kufundishwa. Kwanza alikwenda chuo cha udereva mjini, penye bango kubwa lililoandikwa "Kozi ya Pikipiki kwa Wanaoanza". Karani alimkaribisha kiti.

"Unajua kuendesha, mama?"

"Sijui. Ndiyo kwanza naanza."

"Aa, hapo pagumu. Hii ni ya wanaoanza ambao tayari wanajua."

"Na wasiojua?"

"Wakishajua, tunawapokea."

Aliomba angalau aione pikipiki ya mafunzo. Akaambiwa iko kwa fundi. Tangu lini? Karani akafikiri kidogo. "Mimi nilipoajiriwa niliambiwa itarudi wiki ijayo. Huu ni mwaka wa tatu."

Kisha akajaribu kituo cha bodaboda. Hawa hawakuwa na bango, ila moyo walikuwa nao. Watano kwa pamoja walimpandisha kwenye pikipiki yao. "Bana klachi, mama!" "Achia!" "Usiachie!" "Taratibu!" "Vuta mafuta!" Mama Barua, ambaye ni mtu wa kutii maagizo ya maandishi, alijikuta na maagizo matano ya mdomo, akayatii yote mara moja. Walimtoa kwenye ua wa michongoma. Wakampangusa majani, wakampongeza kwamba kwa mtu wa mara ya kwanza amefika mbali.

Kozi yenyewe aliipata bila kuitafuta, siku aliyopeleka barua zahanati. Muuguzi mkuu alipokuwa akisaini, aliona viganja vya Mama Barua alivyoshikia daftari. Akamketisha, akaanza kuvisafisha.

"Haya malengelenge ni ya jembe?"

"Ni ya pikipiki, Sista. Naendesha pikipiki ya shule."

Muuguzi alimtazama juu ya miwani. "Mwendeshaji haumii hapa, mama. Hapa anaumia anayesukuma. Umeisukuma kutoka wapi?"

Mama Barua, ambaye hakuwa amemwambia mtu yeyote, alimweleza yote kuanzia lori hadi michongoma. Muuguzi alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe yeye mwenyewe ndiye mwalimu. Kila Jumamosi saa tatu, kwenye uwanja wa nyuma ya zahanati, huwafundisha pikipiki wahudumu wapya wa afya wanaotakiwa kupeleka chanjo vijijini. Kozi ni ya Jumamosi sita, na huanza na mtu asiyejua kitu kabisa. "Njoo," alisema. "Lakini Jumamosi ya kwanza hatuwashi injini. Tunajifunza uzito wake, kuigeuza na kuisimamisha. Yaani tunasukuma."

Jumamosi ya kwanza ilimchukua Mama Barua dakika kumi. Aliigeuza pikipiki ya zahanati kwa mkono mmoja, akairudisha kinyumenyume kati ya chupa mbili za plastiki, akaiegesha bila kuitazama. Muuguzi aliwaita wahudumu wake wawili waache walichokuwa wakifanya waje waone. Tangu ile saini ya tatu, ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka mahali akiwa ameinua kichwa.

Zilizofuata hazikuwa rahisi hivyo. Klachi ilimsumbua Jumamosi mbili nzima. Pikipiki ilirukaruka kama inayokanyaga makaa. Kupiga honi alikataa kabisa, akisema ni kuwafokea watu ambao hawajamkosea, hivyo akawa anaita "Naomba njia!" hata kwa chupa. Muuguzi alimwambia honi ni lazima. Wakapatana kwamba atapiga honi kisha aombe njia. Jumamosi ya sita alizunguka uwanja wote bila kuweka mguu chini, na muuguzi akampeleka mwenyewe kuandikishwa kwa mtihani.

Mtihani wa kwanza alifeli, na tunaona ni haki kueleza sababu. Alikuwa katikati ya mzunguko wa namba nane, anakwenda vizuri, upepo ukapeperusha karatasi ya mtahini. Tarishi wa miaka thelathini na moja hawezi kupita karatasi ya ofisi imelala chini. Alisimama, akaweka mguu, akashuka, akaiokota, akaifuta vumbi, akamkabidhi mtahini kwa mikono miwili. Mtahini alimshukuru sana, kisha akaandika "amefeli" kwenye karatasi hiyohiyo. Wiki iliyofuata, siku ya Jumatano katikati ya Mei, alirudia akafaulu. Safari hii muuguzi alikuwa amemletea mtahini jiwe la kukandamizia karatasi.

Ijumaa, siku mbili baadaye, mkaguzi alifika shuleni. Walimu na viranja tuliitwa ofisini. Hakuwa na sura ya kukagua. Alikuwa na bahasha yenye muhuri mwekundu na tabasamu kubwa.

"Pikipiki thelathini na tisa zinakunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi," alisema. "Moja tu, ya shule hii, imekwenda kilomita mia tatu na arobaini bila kutumia hata tone. Machi imeongeza nusu lita! Nimeleta barua ya pongezi, na nimekuja kujifunza. Mwalimu mkuu, mnafanyaje?"

Mwalimu mkuu hakuwa akijua lolote. Alinyoosha tai yake. "Ni nidhamu tu, bwana mkaguzi."

Mama Barua alikuwa amesimama karibu na kabati, leseni ikiwa mkobani. Angenyamaza, pikipiki ingebaki, barua ingetundikwa ukutani, na yeye angestaafu kwa makofi. Alisogea mbele.

"Samahani, bwana mkaguzi. Nilikuwa naisukuma."

"Wakati wa kuiwasha?"

"Wakati wote."

"Kilomita mia tatu na arobaini?"

"Kwenye mlima nilikuwa napumzika."

Mwalimu mkuu alikohoa. Akakohoa tena, kwa namna ya kuomba. Mama Barua hakugeuka. "Saini ya tatu kwenye fomu yenu ni yangu. Siku niliyoiweka ilikuwa ya uongo, nilikuwa sijui hata breki iko upande gani. Sikusoma. Kama pikipiki inarudi, irudi. Ila siwezi kwenda nyumbani nikaiacha saini hiyo kwenye faili."

Mkaguzi aliitazama fomu, akamtazama yeye. "Na leo je?"

"Leo najua."

"Basi twende nje, mama."

Shule yote ilikuwa madirishani. Mama Barua alivaa kofia, akawasha, akaingiza gia, akaondoka. Alikwenda kwa mwendo ambao mwalimu wa michezo, aliyekuwa akitembea pembeni, ilibidi apunguze hatua ili asimpite. Kila kona alipiga honi akaomba njia, ingawa uwanja ulikuwa mtupu. Lakini hakuyumba, hakuzimikiwa, na alisimama kiganja kimoja mbele ya viatu vya mkaguzi. Makofi yaliyopigwa siku hiyo yalifika hadi jikoni.

Mkaguzi alikata tarehe ya Februari kwa mstari mmoja, akaandika ya siku hiyo, akampa kalamu. Mama Barua aliketi kwenye ngazi akaisoma fomu yote, juu hadi chini, akaigeuza nyuma ambako hapakuwa na kitu, akasoma tena. Mkaguzi alitazama saa yake mara mbili. Kisha Mama Barua akasaini. Pikipiki ikabaki. Barua ya pongezi ndiyo iliyorudi na mkaguzi, kwa sababu alisema haoni kifungu kinachoruhusu kupongeza kusukuma.

Tangu siku hiyo Mama Barua amekwenda posta kwa pikipiki, dakika ishirini kwenda na ishirini kurudi, na ripoti ya petroli sasa inafanana na za shule nyingine. Tarishi atakayempokea atakuta kila kitu tayari.

Muuguzi mkuu amemwomba awe msaidizi wake katika kozi, naye amekubali. Atawafundisha wanaoanza Jumamosi ya kwanza, ile ya injini iliyozimwa, ambayo haihitaji leseni wala umri. Wasichana saba wa kidato cha tatu tumeshapeleka majina yetu.

Mama Barua, asante kwa kila barua, na kwa kila mmoja wetu uliyemrudisha nyuma ya foleni. Tunakuombea afya njema, barabara kavu, na siku nyingi za furaha pamoja na jamaa zako. Jumamosi saa tatu tutakuwa uwanjani.