Mkate wa Viazi wa Mbagnick

Benchi letu hapa Kaolack linatazamana na bekari ya Mbagnick Faye, na asubuhi ile tulikuta mlango una kufuli. Jana yake alikuwa amepakia masufuria na magodoro kwenye mkokoteni wa farasi, akamkalisha juu binti yake Siga, wakaondoka. Khar, muuza kahawa, alitujazia vikombe. Tulikuwa watatu: mimi, Breki aliyekuwa dereva wa malori, na Redio, ambaye hana kitufe cha kuzimia.

— Kafilisika yule, alisema Redio. Haba na haba hujaza kibaba.

— Sasa hiyo methali imeingiaje hapo? aliuliza Breki.

— Imeingia tu. Mtu ana bekari, anaacha ngano, anaoka viazi vitamu na maboga! Nani atanunua?

— Subiri kwanza. Mimi nasema ni jini la tanuri. Lilimchukua Coumba, binti yake mkubwa, likamwambia: ukigusa tena unga wa ngano, namchukua na mdogo wake.

— Jini gani! Kuna matajiri wa viazi wanamlipa. Wanataka nchi nzima isahau mkate.

— Wangemlipa, angevaa kandambili zilizokatika?

— Anajificha! Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Khar aliweka birika chini kwa kishindo.

— Nyie watu hamna haya? Coumba mmemzika wenyewe.

Ni kweli, tulimzika, masika yaliyopita. Mtoto alikonda miguu, tumbo likavimba, na kila asubuhi baba yake alimchagulia mkate wa moto kuliko yote ili apate nguvu. Kila akila, anazidi kuisha. Baada ya mazishi, Siga naye akaanza kukonda. Daktari akampima, akasema mwili wake haupatani na ngano, na kwamba huenda hata dada yake alikuwa hivyo hivyo. Siku ile Mbagnick alitoa magunia yote ya unga nje. Akawa anachemsha viazi, anaviponda, anachanganya na mayai na karanga zilizosagwa, anaoka.

— Lakini Khar, ule mkate ulikuwa unavunjika kama udongo, Redio alijitetea.

— Alikuletea hapa uonje. Ukamwambia nini?

Redio alikuna shingo.

— Nilimwambia... atujengee choo kwa matofali yale. Ulikuwa utani tu, dada yangu. Mbona naye alicheka?

— Alicheka. Halafu akaokota vipande vyote hapo chini, akavifunga kwenye kitambaa akarudi navyo ndani. Hilo hukuliona.

Hapo ndipo alipokuja mama mmoja, mtoto mgongoni, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi.

— Hamjambo, wazee wangu. Natokea Koungheul. Namtafuta Mbagnick, anayeoka mkate wa viazi.

— Wa nini, binti yangu? aliuliza Breki.

— Wa huyu, alisema, akimgeuza mtoto tumuone. Miguu ilikuwa kama vijiti vya mtama. Kila akila mkate wa kawaida, alieleza, analia usiku kucha. Shemeji yangu alipita hapa, akatuletea ule wa viazi. Mwanangu akala, akalala. Alipoamka akaomba mwingine. Alikuwa hajawahi kuomba chakula tangu azaliwe.

Akautazama mlango.

— Mbona kumefungwa? Amekwenda wapi?

Breki alimgeukia Redio. Redio, anayejua nani kaachwa na nani kaoa hata kabla ya wenyewe, alifumbua mdomo, akaufumba. Nikamtazama Khar. Khar akatikisa kichwa, machozi yakimlengalenga.

— Kwao ni wapi, basi? Ana ndugu?

Alitutazama mmoja mmoja.

— Jamani, si mnakaa hapa kila siku? Hamkumwona akiondoka?

— Tulimwona, mama, alisema Breki, sauti yake ikiwa chini kabisa. Alipita hapa hapa na mkokoteni. Tulimpungia mkono.