Mikono ya Eustache Ndayisaba, 1968–2025

Padre wetu, ndugu, majirani wa Niboye na ninyi nyote mliofika kutusindikiza, anayewasomea ni Jean-Berchmans, mdogo wa marehemu, kwa niaba ya familia.

Eustache Ndayisaba alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, Buyenzi, Bujumbura, kifungua mimba wa wakimbizi wa Kinyarwanda, akasoma huko huko hadi sekondari, na mwaka 1995 akarudi na wazazi Kigali, mji aliokuwa akiusikia tu midomoni mwao. Mwaka 2000 alihitimu mafunzo ya kupiga picha za eksirei, akaajiriwa katika hospitali moja ya hapa mjini, ambako wagonjwa walimpenda kwa utani wake, maana aliwaambia wasiogope, picha haiumi, na wakitoka vizuri atawaonyesha.

Tarehe 7 Julai 2001 alifunga ndoa na Béatha Umuhoza hapa Kicukiro, wakajaliwa mabinti wawili, Sangwa mwaka 2003 na Iteka mwaka 2010.

Sangwa alipoanza kutembea aliyumba, na baba yake, kama wafanyavyo watu wa hospitali kwa watoto wao, hakupanga foleni, alimpitisha mlango wa nyuma, akampiga picha kichwa, mgongo na kifua, na kila kikohozi kilipomrudia akampiga tena, akiamini anampa kile ambacho watoto wa wengine hukikosa. Mwaka 2013 Sangwa alifariki kwa saratani ya damu. Mwaka uliofuata watafiti wa magonjwa adimu ya kuzaliwa nayo walipima damu ya Iteka, ambaye naye alikuwa akiyumba, wakagundua ugonjwa wa kurithi unaoufanya mwili ushindwe kujitengeneza ukiguswa na mionzi ile ya eksirei. Walimweleza Eustache kwamba saratani huweza kuja na ugonjwa huo hata bila picha, lakini maneno hayo hayakumwingia, na tangu hapo kaka yetu aliishi roho mkononi.

Kazi hakuiacha. Aliwasaidia watafiti kutafuta familia nyingine hadi Masaka, na hakuwasha mashine mbele ya mtoto yeyote kabla hajamuuliza mzazi kama nyumbani kuna mwingine anayeyumba, hata wengine wakamwona msumbufu. Iteka mwenyewe hakuruhusiwa kupita hata kwenye korido ya kazini kwake.

Juni mwaka huu Iteka aliota uvimbe shingoni, madaktari wakaomba picha ya MRI, mashine isiyotumia mionzi hiyo, jambo ambalo kaka yetu alilijua kuliko sisi sote, lakini aliahirisha, akaahirisha tena, huku uvimbe ukikua, hadi akamwambia mkewe, “Mama Sangwa, mashine haina kosa. Mimi naogopa hii mikono yangu.” Mwishowe alikubali picha ipigwe Jumatatu, tarehe 11 Agosti, kwa sharti kwamba atakaa ndani amshike Iteka mkono. Lakini Jumatano, tarehe 6, siku tano kabla, alianguka kwa kiharusi, akafariki jioni ile ile.

Tunawashukuru madaktari waliompokea, majirani mnaokesha nasi, na wafanyakazi wenzake, ambao wametuahidi kwamba lile swali lake wataendelea kuliuliza. Iteka yuko hapa mbele, kwenye kiti chake cha magurudumu, anaogopa, nasi tunaogopa pamoja naye, lakini keshokutwa, Jumatatu, hatuahirishi, mama yake ataingia naye.

Kaka, wewe mshike Sangwa. Huku Iteka ameshikwa, pumzika kwa amani.