Nusu Kilo Niliyoikata kwa Kalamu

Wapendwa, nawasalimu kwa amani. Mliokaa mlangoni sogeeni ndani, maana dhambi yangu hii ni ndefu kuliko barabara ya kutoka Kongowe mpaka Morogoro.

Mnajua nilisoma shule ya jioni. Mwalimu wetu alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na lugha ya kuiamuru kompyuta, inaitwa C. Kompyuta yenyewe hatukuwa nayo. Ilikuwa Dar, kwenye ofisi ya rafiki yake. Sisi tuliandika programu kwenye karatasi, mimi mwenye mwandiko mzuri kuliko wote Mkoa wa Pwani nikizinakili upya, naye anazipeleka Jumamosi. Majibu yanarudi yamechapwa.

Darasani kulikuwa na dada mmoja wa Kisarawe, mpima korosho kwenye ghala la kijiji. Jina silitaji. Jioni ya nne mwalimu alieleza tena thabiti, vigeu na aina za namba mpaka chaki ikaisha, sote tumeduwaa. Dada yule akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona ni kama ghalani kwetu? Gunia tupu ni kilo moja, halibadiliki msimu mzima. Si ndiyo hiyo thabiti? Gunia lililojaa, kila mkulima na lake. Hicho ni kigeu."

"Endelea, dada."

"Idadi ya magunia haina nusu, hiyo namba kamili. Kilo zina nusu na robo, hiyo ya desimali. Na daraja la korosho ni herufi moja tu, A au B."

Makofi! Ndugu zangu, nawaambia, hata mimi nilipiga, huku wivu unaniwaka kama mafuta ya taa. Mimi nilikuwa nimekariri siku tatu, na yeye kaokota yote kwenye korosho!

Kisha mwalimu akatangaza: nafasi ni moja. Ambaye programu yake ya kupima magunia itatoka sawasawa, atakwenda Dar kila Jumamosi, akae mbele ya kompyuta yenyewe.

Nikanakili karatasi ya dada. Kilo alikuwa ameziandika float, yaani namba yenye desimali. Nikaandika int, namba kamili. Neno moja tu. Mzee wa kanisa, usinitazame hivyo, bado sijamaliza.

Majibu yakarudi. Gunia la kilo themanini na nusu limetoka themanini.

"Dada, mashine yako inapunja wakulima!" mmoja akapiga kelele. Darasa likaangua kicheko. Yangu ilitoka sawasawa, nafasi nikapewa mimi. Wiki ile nilitembea Kibaha shingo imenyooka, twiga angeniamkia shikamoo.

Ijumaa dada yule akanisimamisha nje ya darasa.

"Hongera, kaka. Ukifika huko niulizie nilikosea wapi. Mimi naacha masomo."

"Unaacha?"

"Kama kilo nimeshindwa kuziandika, ghalani napima nini? Wiki nzima kila gunia nalipima mara mbili. Sijiamini tena."

Nilitaka nafasi yake, na kumbe nimemchukulia mpaka kazi yake. Nikaingia, nikasimama mbele ya watu wote.

"Mwalimu, hakukosea. Lile neno nililibadilisha mimi."

Dada alikuwa amenifuata ndani.

"Wakulima wamenisubiri juani, nawe ulikuwa unacheka?"

"Nilicheka."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unajua kuliko mimi."

"Sasa si ungeniuliza tu?"

Akaenda Dar yeye. Kazi ya kunakili nikanyang'anywa. Mwezi mzima hakunisemesha. Halafu jioni moja akavuta benchi, akanifundisha tangu mwanzo. Ndivyo nilivyohitimu.

Namshukuru yeye. Namshukuru na mwalimu, aliyenikaripia bila kunifukuza. Funzo langu, wapendwa: wivu ukikupanda, mwendee mhusika umwambie, "Nakuonea wivu, nifundishe." Mimi bado unanipanda, tena kila siku. Mlionipita humu ndani ni wengi mno. Ibada ikiisha msikimbilie nyumbani. Nitaanza na kwaya.