Kiti Kimoja cha Mradi wa Maji

Tangu basi litoke Kolo, mzee aliyekaa mbele yangu alikuwa akimlalamikia binti asiyemjua, ambaye kosa lake lilikuwa kumwamkia shikamoo.

"Nimesimamia visima tangu ujamaa ukiwa ujamaa," alisema. "Serikali imenipunguza, sasa naomba kazi kwa wafadhili, nao wanataka cheti cha usimamizi wa miradi. Vijijini huku huchimbi hata shimo la choo kabla hujanywa pombe na wazee. Hilo nalo linafundishwa darasani?"

Binti alipiga mwayo. "Halifundishwi, mzee. Lakini hiyo pombe ulikuwa unaiandikaje kwenye ripoti?"

"Kikao cha uhamasishaji."

Nilidhani watacheka. Hawakucheka.

"Cheti hicho mimi ninacho," binti akasema, "nakizungusha mjini mwaka wa pili huu. Kila ofisi inaniuliza uzoefu. Nitaupata wapi, kama viti vyote mmevikalia nyinyi?"

Tulipoingia stendi ya Dodoma, mzee akamgeukia.

"Unaelekea wapi, mwanangu?"

"Kwenye usaili wa mradi wa maji."

"Hata mimi."

Wakashuka wakisaidiana mizigo, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma. Niliwafuata taratibu, maana na mimi nilikuwa naenda hukohuko. Cheti sina, na kisima sijawahi kukisimamia, lakini mwenyekiti wa usaili ni mjomba wangu, na mama ameshampelekea kaka yake asali.