Injini Zilizokula Upepo wa Daimu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, Mama Aurelia, Padre Valence, Shehe Abdulatifu, wazee wetu, shikamooni, ndugu wageni waalikwa, pamoja na ninyi mliovutwa na harufu ya pilau: habari za jioni. Kama kuna asiyenifahamu, simlaumu, labda ameingia Ruvuma leo. Mimi ndiye Thadei, mtu niliyeleta viwanda Songea. Kabla yangu mji huu ulikuwa na mahindi tu.

Mnacheka? Shuleni sikufika mbali, niliishia darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa amefika mwisho wa anayoyajua. Lakini ni nani mwingine hapa Lizaboni mwenye mashine ya kukereza vyuma chumbani, tena upande anaolala mke wake? Pale nimekereza injini kamili, zenye silinda, pistoni na gurudumu, na kila moja inakaa juu ya kisahani cha chai. Hazinywi petroli, hazijui moto, zinakula upepo. Na aliyezilisha miaka yote ni huyu tunayemuaga, mtani wangu Daimu, fundi pancha, ambaye kesho anapanda basi kurudi kwao Nakapanya, kwenye mikorosho aliyoachiwa na marehemu baba yake.

Naikumbuka ile ya kwanza. Niliikereza kwa shaba ya koki mbovu, nikampelekea kibandani imefungwa kwenye leso. Akaigeuza kiganjani.

"Mngoni, umemnunulia shemeji hereni?"

"Injini hiyo, Myao. Ipe upepo."

Akaunga mpira wa mashine yake ya upepo, akafungulia. Injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Waliokuja kuziba pancha wakaangua kicheko, nami nikatamani ardhi ipasuke. Daimu hakucheka. Aliichukua akaizamisha kwenye beseni la maji, lile lile la kutafutia matundu ya tyubu, akafungulia tena. Mapovu yakatoka ubavuni mwa silinda. Akanitazama kama daktari mwenye majibu mabaya.

"Pole, mtani. Injini yako ina pancha."

Nikarudi kukereza upya. Nilipoirudisha, ilizunguka! Ilizunguka mpaka ikaruka mezani, ikavuka barabara, ikaja kuokotwa kijijini Mpitimbi bado inazunguka. Padre, usitikise kichwa. Walioiona wapo, ila ni watu wenye haya.

Tangu hapo, kila jioni baada ya swala ya alasiri nilikuwa kibandani kwake. Wa bodaboda walisahau matairi yao wakasimama kutazama. Magharibi ikiadhiniwa, Daimu alifunga upepo, lakini hakuondoka hapo hapo. Tulisubiri wote wawili, gurudumu likimalizia pumzi iliyobaki ndani ya mpira, polepole, polepole, hadi lisimame lenyewe. Ndipo alipokwenda kutawadha. Jamani, marafiki wa kula nao wapo wengi; wa kukaa naye mkitazama kitu kidogo kikisimama, utampata wapi?

Sasa nisikilizeni. Leo asubuhi, kwa haki ya utani, nimeikamata mashine yake ya upepo. Iko kwangu, nimeifunga mnyororo. Mtani akikamata kitu chako, unakuja kukikomboa, na nikajua kwa akili yangu hii pana kwamba mtu huyu hataondoka. Au akiondoka, atarudi kukomboa. Nikamfuata, nikamtangazia. Mnajua alinijibu nini?

"Kaa nayo, Mngoni. Mikorosho haina matairi. Injini zako zisije zikalala njaa."

Amenishinda! Mtego wangu ameugeuza zawadi, na zawadi haikombolewi. Nani atarudi kukomboa alichokwisha kukitoa kwa moyo mweupe?

Kwa hiyo, Daimu, mbele ya mashahidi hawa, naikataa. Ichukue, ipakie kwenye basi. Au iache, lakini iache kama mateka, uje mwenyewe baada ya mavuno, na korosho za kuikombolea.

Nimemaliza, ndugu zangu, nawashukuru kwa kuniazima masikio yenu. Ila naona mke wangu Getruda anaguna pale mbele, basi niseme mwenyewe kabla hajanisemea. Mashine ya upepo ninayo. Mpya, kubwa kuliko ya Daimu, iko uvunguni ndani ya boksi lake tangu kitindamimba wetu hajaanza shule. Sijawahi hata kuichomeka kwenye umeme.