Kichupa Kifunguliwe Hata kwa Mtoto Mmoja: Kumuaga Muuguzi Wetu wa Chanjo

Mtoto mmoja anatosha kufungua kichupa cha chanjo, na gharama ya dozi zitakazomwagika ni wajibu wa hazina ya umma. Hiyo ndiyo hoja ya wasifu huu, na ushahidi wake ni miaka thelathini na minne ya muuguzi wetu wa chanjo, anayestaafu tarehe 30 Juni.

Alianzia chumba cha mwisho wa korido, penye jokofu moja la gesi na benchi lililoinuka upande mmoja kila aliyekaa upande huo aliposimama. Miongoni mwa akina mama anaowahudumia leo wamo aliowachanja wakilia mapajani mwa mama zao. Utani wake hauchagui cheo. Baba aliyeegemea ukuta kwa kuiona sindano aliambiwa, "Shemeji, ukianguka sikuokoti, sindano ni ya mwanao, si yako."

Kichupa cha surua hutosha watoto kumi, na kikishachanganywa, kinachobaki hutupwa siku hiyohiyo. Mwaka ambao halmashauri ilipunguza fungu la chanjo, ukaja waraka: kisifunguliwe mpaka watoto kumi watimie. Ofisini ilionekana busara. Kliniki, maana yake ilikuwa mama kufika na mtoto mgongoni, kuwakuta wenzake wawili, na kuambiwa arudi Alhamisi. Mchuuzi mmoja wa mboga alirudishwa mara mbili. Mara ya tatu alikuja wodini, mtoto akiwa ameshashikwa na surua. Mtoto alipona, lakini sikio lake moja halisikii tena.

Tangu siku hiyo muuguzi alimfungulia kichupa yeyote aliyefika. Makao makuu ya halmashauri wakambandika jina la Mama Mwagaji, na mhasibu wao akamfuata hadi kliniki.

"Mama, unamwaga fedha za umma!"

"Mwanangu, ukimleta wako hapa, nimwambie asubiri wenzake tisa?"

Tukiri kwamba mhasibu naye alikuwa na hoja: kilichomwagwa kingenunua mafuta ya pikipiki inayopeleka chanjo vijijini. Lakini kosa halikuwa lake wala la muuguzi. Lilikuwa la bajeti iliyowaachia watumishi wawili wagombane mtoto wa nani akose.

Basi muuguzi akaacha kugombana na mhasibu, akamvuta upande wake. Wakaingia pamoja vikao vya bajeti mwaka baada ya mwaka, hata diwani mmoja akalalamika kwamba huyu mama sasa ahesabiwe pamoja na samani za ukumbi. Hatimaye likatengwa fungu la dozi zinazomwagika. Tangu hapo hakuna mama aliyerudishwa nyumbani kwa sababu kafika peke yake.

Dada kwa wengine, mama kwa wengi, mkali kwa wote: tunakushukuru. Pumzisha miguu, lala mpaka usingizi ukuchoke, uwafokee wajukuu badala yetu. Maisha yako yawe marefu na yenye heri.

Heri hizo, hata hivyo, hazitoshi. Rasimu ya bajeti mpya, iliyobandikwa juzi kwenye ubao wa matangazo, haina fungu hilo, na hakuna aliyetoa sababu. Tunamtaka mwenyekiti wa kamati ya fedha atujibu hadharani, kwa maandishi, katika ubao uleule, kabla muuguzi hajakabidhi funguo za jokofu: Jumatatu itakayofuata, akifika mama mmoja na mtoto mmoja, tufungue au tumrudishe?