Marcelline Ngoie Kisimba, Mwalimu wa Sheria Aliyekataa Robo Saa

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Jocelyne, kwa niaba ya familia. Troyeville, Johannesburg, Jumamosi tarehe 25 Agosti 2018.

Ndugu wapendwa, majirani, waumini wenzetu, na ninyi wanafunzi wake wa zamani mliokaa viti vya mbele kwa woga ule ule wa siku zile: poleni, na asanteni kwa kufika. Marehemu hakupenda wasifu wa misibani. Alikuwa akisema, "Mtu akifa tu, ghafla hakuwahi kugombana na mtu." Basi familia imekubaliana kumsema kama alivyokuwa. Tukikosea, tunajua angetusahihisha kwa kalamu nyekundu.

Marcelline alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 mjini Likasi, Katanga, kifungua mimba wa mzee Alphonse Kisimba na mama Thérèse Kabedi. Baba yetu alikuwa fundi katika kiwanda cha shaba. Nyumbani hatukuwa na saa ya ukutani, tulikuwa na king'ora cha kiwanda. Kikilia, baba yuko njiani tayari, maana aliyechelewa alikuta lango limefungwa na siku yake imekwenda bure. Yaya Marcelline, yaani dada yetu mkubwa, alikua akiamini kwamba dunia nzima ina lango, na kwamba lango halina mjomba.

Alisoma kwa masista wa Likasi na kupata diploma ya sekondari mwaka 1980. Mwaka uliofuata aliingia kitivo cha sheria mjini Lubumbashi, wasichana wakihesabika kwa vidole. Wakongwe wa chuo walikuwa na desturi ya kuwatesa wanafunzi wapya, walioitwa bleus. Yeye walimpa njiti ya kiberiti na kumwambia apime nayo ukumbi mzima wa mihadhara. Alipiga magoti akapima, toka ukuta hadi ukuta. Kisha akawaletea jibu kwa maandishi na kuwataka watie sahihi, kwa sababu, alisema, agizo lisilo na sahihi ni kelele tu. Walicheka wee, mpaka walipoona yeye hacheki. Aliyetia sahihi alikuwa mmoja tu, kijana mrefu aitwaye Damien Mwilambwe, naye alitia kwa kuwa alifika amechelewa na hakujua kinachoendelea.

Alimaliza lisansi, shahada yake ya sheria, mwaka 1986 kwa alama za juu na kitivo kikamchukua kuwa assistant, mhadhiri msaidizi. Hapo ndipo jina lake lilipovuma. Chuoni palikuwa na kitu kinachoitwa robo saa ya chuo: somo la saa mbili asubuhi huanza saa mbili na robo, profesa anajua, mwanafunzi anajua, hata mfagiaji anajua. Marcelline aliikataa. Saa mbili kamili alifunga mlango kwa ufunguo, akatia ufunguo kwenye mkoba, akaanza. Wapo waliotembea kutoka mbali kwa kukosa usafiri, wakafika wanahema, wakasikiliza somo lote wakiwa wameegemeza sikio mlangoni. Siku moja mwanafunzi mmoja, Gaston, aliona hana cha kupoteza, akapita dirishani.

"Bwana Gaston," Marcelline alimwambia bila kuinua macho, "rudi ulikotoka. Na ukitoka, funga dirisha."

Gaston yupo hapa leo. Ana duka la simu Fordsburg na mvi kichwani, na juzi alifika kwenye matanga kabla hatujapanga viti.

Lakini msimwone mkali tu. Alifundisha sheria ya familia, na viti vya ukumbi vilipokwisha watu walikaa chini, wengine madirishani, kumsikia. Sentensi yake ya kwanza kila mwaka ilikuwa ile ile: "Hakuna anayehukumiwa bila kusikilizwa. Hata mwizi, hata shetani akija na wakili." Aliyeisahau katika mtihani wa mdomo alirudia mwaka. Ishikeni sentensi hiyo, ndugu zangu, tutairudia.

Tarehe 8 Aprili 1989 alifunga ndoa na Damien, wakati huo assistant mwenzake. Gari la bwana harusi liliharibika njiani. Padri akaangalia saa, wajomba wakaanza kunong'ona, na wanafunzi waliojaa kanisani wakageuka kumtazama mwalimu wao, waone atafanya nini mtu aliyechelewa akiwa ni wake. Marcelline akainua shela na kusema kwa sauti ya darasani: "Mpeni robo saa." Kanisa zima lilipasuka kwa makofi. Walijaliwa Hénock mwaka 1994 mjini Lubumbashi, na Elisée, binti yao, mwaka 1999 hapa Johannesburg. Toka Hénock azaliwe, Marcelline hakumwita mumewe kwa jina tena. Akawa Baba Hénock, kama desturi yetu ilivyo.

Chuo kilikuwa kimefungwa mwaka 1990 baada ya vurugu, kikafunguliwa kikichechemea, na mishahara ikawa hadithi. Mwaka 1997 familia ilifika Johannesburg kwa mabasi, kupitia Zambia na Zimbabwe. Hapa shahada yake haikumfungulia ofisi yoyote. Alishona nguo, kisha akapata kazi ya ukalimani mahakamani, akaifanya mpaka ugonjwa ulipomshika. Mtu aliyefundisha mawakili alisimama miaka yote hiyo pembeni ya kizimba akisema maneno ya wengine. Akirudi jioni, anavua viatu na kusema, "Leo nimesema uongo wa watu wanne na ukweli wa mmoja." Tulikuwa tunacheka. Sasa tunatamani tungemwuliza ilimuuma kiasi gani.

Matumaini yake aliyaweka kwa Hénock. Mtoto alipoingia chuo hapa mwaka 2013 kusoma sheria, mama alifufuka. Sahani zikitoka mezani, anamhoji, naye anajibu, na baba anajifanya hakimu. Oktoba 2015 wanafunzi walipogoma juu ya karo, Marcelline hakulala vizuri, maana alikwisha kuona chuo kikifungwa. Mgomo ulipita lakini Hénock hakurudi darasani. Mama alisikia kanisani, tena kwa mtu wa pembeni, kwamba mwanawe ananyoa vichwa huko Diepsloot, nje ya mji. Ilimchoma. Alimtumia ujumbe: aje Jumapili, tarehe 31 Januari 2016, saa kumi na mbili jioni, aeleze.

Saa kumi na mbili ilifika, Hénock hakufika. Marcelline akainuka, akafunga mlango na kutia ufunguo kifuani. Muda mfupi baadaye Hénock akagonga.

"Mama, ni mimi. Fungua."

"Darasa limeanza," alijibu.

Kijana alicheka, akidhani ni mchezo. Akagonga tena. "Mama, nina jambo la kukwambia."

Elisée, ambaye Kiswahili anakisikia chote ila hujibu kwa lugha za hapa, alisema, "Eish, Mama, please!" Baba yake akasimama. Marcelline akawatazama wote wawili, nao, kama wanafunzi wa Lubumbashi, wakakaa. Kisha wakasikia viatu vikishuka ngazi.

Mama alisema kesho atarudi mwenyewe, mtoto hamsusi mamake. Hénock naye alisema mama atapiga simu mwenyewe, mzazi hamtupi mwanawe. Ndugu zangu, wale wawili walikuwa damu moja na ukaidi mmoja. Kesho ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka. Na toka siku ile Marcelline aliacha kumwita mumewe Baba Hénock. Akamwita Baba Elisée. Majirani walidhani ni mazoea mapya. Sisi tulijua, na hatukusema.

Hata hivyo moyo wa mama haukufunga. Kila Jumapili alipika bukari, ule ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo na makayabu, samaki wa chumvi, vya kutosha watu wengi kuliko waliokuwapo. Akijaza bakuli na kulifunika, anamwambia mumewe, "Hiki kimebaki. Kikiharibika humu ndani nitakasirika." Basi Damien anabeba bakuli, anapanda teksi hadi Diepsloot. Jioni linarudi limeoshwa, na Marcelline analipokea bila swali. Aliligeuza tu, akaangalia ndani, akaliweka kabatini. Huko Diepsloot, Damien alikuwa akimlisha pia Chloé, binti wa Hénock, aliyezaliwa Juni 2016. Hilo ndilo jambo ambalo kijana alitaka kusema pale mlangoni. Alichelewa siku ile kwa kuwa alimpeleka mchumba wake kliniki. Alikuwa amemkataza baba yake kusema: habari hiyo, alisema, ataisema mwenyewe, ndani ya nyumba.

Mwanzoni mwa mwaka huu Marcelline alianza kulalamika tumbo. Madaktari walikuta kansa, nayo ilikuwa imekwisha kusambaa. Alilazwa hospitali tarehe 6 Agosti. Siku moja alimshika mkono Jocelyne, huyu anayewasomea, na kusema hivi, nasi tunayatoa kama yalivyo: "Nilimhukumu mtoto bila kumsikiliza. Miaka yote ile darasani! Mwanafunzi akiniandikia jibu kama lile, namwangusha." Jocelyne akamwambia hukumu ina rufaa. Akatabasamu kidogo. "Rufaa nayo ina muda wake, mdogo wangu."

Ijumaa tarehe 17 Agosti, asubuhi, alimgeukia mumewe. "Baba Hénock," alisema. Damien alikuwa hajaitwa hivyo miaka miwili na nusu. "Baba Hénock, mpigie simu mtoto. Mwambie aje anieleze."

Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa kuanzia saa tisa hadi saa kumi alasiri. Hénock alitoka Diepsloot na Chloé mgongoni kwa mkewe. Njiani magari yalikuwa yamegongana kwenye robot, taa za barabarani, teksi zikasimama. Saa kumi muuguzi akaja kufunga mlango wa wodi. Marcelline, aliyekuwa hawezi hata kuinua kikombe, aliinua mkono.

"Usifunge, sista. Kuna mwanafunzi wangu mmoja yuko njiani. Mpe robo saa."

Muuguzi yule, Mungu ambariki, alivuta kiti akauzuilia mlango usijifunge, akaenda zake. Marcelline akageuza uso upande ule na kutazama. Alitazama mlango mpaka alipofumba macho, na hakuyafumbua tena. Hénock alifika baadaye, anahema. Aliukuta mlango wazi, na kiti pale pale. Damien alimweleza kile kiti ni cha nini. Kijana alikaa juu yake akalia, na Chloé akamshika sikio, kama anavyomfanyia akitaka asikilizwe.

Marcelline ameacha mume, Damien Mwilambwe, watoto wawili, Hénock na Elisée, mkamwana, Nomvula, wadogo zake watano, sisi wa Likasi, mjukuu mmoja, Chloé, ambaye nkambo yake, bibi yake huyu, alimlisha miaka miwili bila kujua kwamba yupo, na wanafunzi wengi, waliofaulu na waliofungiwa nje. Tunawashukuru waumini, wauguzi, na wote waliotuchangia kwa hali na mali. Mungu ampokee mwalimu wetu na kumpa utulivu ambao hapa hakuupata.

Tunaona nje kuna watu wamesimama, wamechelewa, wanaona haya kuingia. Ingieni, jamani. Mlango huu ameuzuilia Hénock kwa kiti, kwa mkono wake mwenyewe, na leo haufungwi.